Sauti Kumi na Moja za Walidi

Mwanamke aliyekuja na ndoo hakutarajiwa na mtu. Alhamisi ile, saa sita za mchana, Sajini Bakri Shuaibu alikuwa amekaa mlangoni pa kontena lake, shati limemganda mgongoni, akijipepea kwa jalada la faili. Akamwona anaingia lango la kituo cha polisi: buibui jeusi, nikabu, viatu vimejaa vumbi la Kismayo, na mkononi ndoo nyeupe ya plastiki yenye kifuniko. Askari wa lindo alimfuata nyuma akimwita kwa Kisomali, naye hakugeuka. Alitembea polepole, kama mtu aliyekatazwa asimwage hata tone.

"Wewe ndiye mchu wa simu?" aliuliza alipofika, kwa lahaja ya visiwani ambako mtu ni mchu.

"Ndiye mimi. Karibu, dada."

"Mimi ni Kulthumu. Mkewe Walidi wa Ngumi."

Bakri aliacha kujipepea. Walidi, mvuvi wa kisiwa cha Ngumi, alikuwa amezikwa siku tisa nyuma. Maana yake mkewe alikuwa eda, na mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Huyu alikuwa amevuka bahari.

"Najua unalolifikiri," alisema Kulthumu. "Nimewauliza wajuao. Mchana nimeruhusiwa, kwa haja. Nimefikia Majengo kwa shangazi yangu, na kila siku jua likitaka kutua mimi niwe ndani. Kwa hiyo usinipe chai. Tazama hiki."

Aliiweka ndoo chini, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na maji safi, na chini ya maji simu nyeusi imelala chali.

Askari wa lindo alichungulia, akacheka mpaka akashika magoti. "Sajini! Umeletewa supu ya simu!"

Bakri hakucheka. Katika miaka minne ya kazi hii ya kufungua simu za ushahidi alikuwa ameletewa simu zilizofukiwa katika mchele, simu zilizoanikwa juu ya mabati, na moja iliyokaushwa kando ya seredani ya makaa mpaka kioo kikajikunja. Zote zilikuwa zimetoka baharini, na zote zilikuwa zimekufa kwa sababu ya huruma za wenyewe. Maji ya chumvi hayaiui simu kwa haraka. Kinachoiua ni upepo unaoikuta chumvi ikiwa bado ndani.

"Nani alikwambia uitie majini?"

"Nani wa kuniambia? Mashine ya boti ikizama, wavuvi hawaianiki. Huiacha majini mpaka fundi awe tayari kuifungua, maana ikipata upepo kabla ya kuoshwa, kesho unakuta kutu tupu. Simu nayo si mashine?"

"Ni mashine."

"Basi. Vijana walizamia chombo cha Walidi siku ya nne, wakaikuta imenasa chini ya ubao. Nikaitia maji ya jabia. Nikayabadilisha asubuhi na jioni."

Bakri aliyatazama maji yale. Alikuwa Mbajuni, mzaliwa wa Kismayo aliyekulia kambini Kenya, na mama yake alimsimulia jinsi visiwani maji ya jabia, yale ya mvua yanayohifadhiwa kwa kunywa, yanavyopimwa kwa kikombe wakati wa kiangazi. Huyu alikuwa ameinywesha simu.

"Unataka nitafute nini humu?"

"Kaka yangu Mahmudi mmemtia ndani. Mnasema alimuua mume wangu baharini. Jumamosi saa tatu mnampandisha ndege kwenda mji mkuu kushtakiwa, na akishapanda ndege, nani wa kumfuata? Mimi niko eda. Mama yetu haoni. Nimezika mume. Nisizike na ndugu aliye hai."

Alimweleza yaliyobaki kwa sauti ya chini, kama anayesoma. Walidi na Mahmudi walikwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye kijisiwa kisicho na watu kusini ya Ngumi. Huko hakuna mtandao. Walidi alikuwa na desturi yake: kila alasiri, akiwa chomboni, alimsemea mkewe ujumbe wa sauti, na ujumbe ukakaa ndani ya simu ukingoja. Siku akienda Ras Kamboni kuuza, simu hushika mtandao, na sauti zote huondoka kwa pamoja. Kulthumu naye hupanda kilima cha mchanga nyuma ya kijiji, ambako simu yake hushika, akazipokea zote kwa mpigo mmoja, kama mvua.

"Safari hii hazikufika. Alikaa siku kumi na moja. Ziko humo kumi na moja."

"Una hakika hakuruka hata siku moja?"

"Miaka sita sijamwona akiruka." Aliitazama ndoo. "Ndiyo sababu nimekuja mwenyewe. Humo mna maneno ya mume kwa mkewe. Mengine... wewe ni mchu mzima, una mke?"

"Ninaye."

"Basi unajua. Nisikize mimi kwanza. Na yale yasiyohusu kifo chake asiyasikize mwanamume hata mmoja. Niahidi."

Bakri alijifuta uso. Kuahidi alikuwa ameshaacha. Aliwahi kuwaahidi watu, kisha akakutana nao sokoni na kuinamisha macho. Lakini yule mwanamke alisimama juani bila kutikisika, naye Bakri alikuwa amechoka kuwa mtu wa kusema tutaona.

"Sheria inataka afisa awepo anapofunguliwa kielelezo," alisema. "Atakaa nawe karani wetu, Twahira. Amekula kiapo, na ni mwanamke. Mdomo wake mkali lakini hauvuji. Hilo ukiliridhia, nakuahidi."

"Nimeridhia."

* * *

Kabla hajaigusa simu, Bakri alikwenda kumwona Mahmudi. Alimkuta mahabusu, amekaa chini, mgongo ukutani, mtu wa mifupa mikubwa na macho mekundu ya mzamiaji.

"Nimeshaulizwa yote," alisema Mahmudi. "Umechelewa."

"Mimi sijakuuliza. Huu ujumbe ni wako?" Bakri alimsomea karatasi ya faili: "'Kesho huko baharini ndiko nitakokuzika.'"

"Wangu."

"Ulimwandikia Walidi. Naye kazikwa."

"Nilimwandikia shemeji yangu!" Mahmudi aliinuka nusu, kisha akakaa tena kwa uchovu. "Wewe si Mbajuni? Nisipomtania shemeji, nimtanie nani, Meja wenu? Tulikuwa tukishindana kuzamia kamba mawe. Atakayeleta wachache hupika na kuosha sufuria. Mlisoma jibu lake?"

"Jibu gani?"

"Iko simu yangu kwenu. Someni."

Bakri aliitazama tena karatasi. Ilikuwa imechapwa mstari mmoja tu, na tarehe yake ilikuwa ya siku moja kabla ya safari. Ile kesho ya Mahmudi ilikuwa imepita siku kumi kabla Walidi hajafa. Hakuna aliyehesabu. Baadaye, alipoitoa simu ya Mahmudi stoo, alilikuta jibu la Walidi chini ya mstari ule: "Hujamzika hata panya wewe. Njoo na sanda yako, na sabuni ya sufuria usisahau."

"Alasiri ile ulikuwa wapi?"

"Dago. Nimejikunja kama jongoo. Tumbo."

"Aliyekuona?"

"Mungu, na kaa wa pwani. Wote wawili hamuwezi kuwaandikisha."

"Husein, mnunuzi wenu wa kamba, anasema aliwaona nyote wawili chomboni, saa kumi na moja."

"Husein ana macho ya kuazima." Mahmudi alifunga yake. "Sajini, Kulthumu hajambo? Niliambiwa yuko mjini. Mwambie arudi nyumbani, watu watamsema."

"Watu wameshamsema," alijibu Bakri. "Hakuwasikiliza."

* * *

Kontena lilikuwa limeachwa bandarini na meli ambayo hakuna aliyelikumbuka jina lake, likaletwa kituoni. Lilikuwa tanuri. Lakini mlango wake ukifungwa, mtandao hauingii, na kwa kazi ya Bakri hiyo ilikuwa neema. Simu yenye ujumbe unaongoja, ikiwashwa mahali penye mtandao, huutema ujumbe wote mara moja, na kielelezo kinabadilika mbele ya macho yako. Tena aliye mbali anaweza kufuta.

Aliipiga picha simu ikiwa ndani ya ndoo. Aliitoa, akaifungua kwa kijembe chembamba, akazichomoa laini mbili, ya Somalia na ya Kenya, akazitia bahashani na kuandika saa. Betri ilikuwa imevimba kama mkate. Aliitenga. Kisha akachukua spiriti na mswaki laini, akaanza kuisugua bodi, pembe kwa pembe, akitumia kioo cha kukuzia. Kila hatua picha, kila picha saa. Umeme ulikatika mara mbili, naye mara mbili akakaa gizani kusubiri jenereta, jasho likimdondoka kidevuni huku akigeuza uso lisidondokee bodi.

Twahira alichungulia mlangoni. "Mwalimu wa simu, bado unamwosha maiti?"

"Bado."

"Si uing'oe hiyo kumbukumbu yake uisome peke yake? Nimeona kwenye video."

"Za zamani ndiyo. Hizi za siku hizi zimefungwa. Nusu ya ufunguo iko kwenye bodi, nusu iko kichwani mwa mwenye simu. Ukiing'oa kumbukumbu umebaki na sanduku lisilofunguka milele. Lazima mgonjwa ainuke mwenyewe, hata kama ni kwa dakika kumi."

"Na akikataa kuinuka?"

Bakri aliendelea kusugua. Hilo ndilo aliloliwaza mchana kutwa.

Bodi ilikauka kwa joto la kontena, joto ambalo kila siku alililaani. Ijumaa asubuhi alihitaji kioo na betri. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya aina ileile. Aliitazama kidogo, akampigia mkewe kumwambia asimtafute leo, kisha akaifungua na kuing'oa kioo na betri, akaivisha simu ya Walidi.

Bonyeza. Kimya. Alisafisha tena sehemu ya chaji, palipokuwa na doa la kijani dogo kama mbegu ya ufuta. Bonyeza. Kimya. Mara ya tatu simu ilitetemeka mkononi mwake kama kitu kilichosongwa, na kioo kikawaka.

Kulthumu alikuwa amemchorea kwenye karatasi jinsi mumewe alivyokuwa akiburuta kidole kuifungua. Bakri alifuatisha mchoro. Ikafunguka.

Zilikuwepo. Kumi na moja, zimejipanga chini ya jina la mkewe, kila moja na alama yake ndogo ya saa, alama ya ujumbe usiokwenda. Ya mwisho ilikuwa na dakika tatu na sekunde arobaini. Hakuigusa. Aliinakili simu yote kwenye diski, akaikokotoa nakala ile alama yake, ule mstari mrefu wa tarakimu na herufi ambao ukibadilisha hata nukta moja ya nakala nao hubadilika wote. Akauandika kitabuni kwa mkono, akatia sahihi, akamtuma askari Majengo: dada aje baada ya sala, saa nane.

Hedifoni zilikuwa mezani karibu na kiwiko chake. Alizisogeza mbali.

* * *

Husein ndiye aliyemtafuta Bakri, si Bakri aliyemtafuta Husein. Watu walipokuwa wakitoka msikitini, yule mnunuzi wa kamba alimjia mkono mbele, kanzu inanukia udi, ndevu zimetiwa hina.

"Sajini, pole na kazi. Nasikia mjane amekuja na simu ndani ya ndoo, kama mashine ya boti!" Alicheka, kisha akageuza uso ukawa wa huzuni. "Maskini. Majonzi humfanya mtu chochote. Imepona?"

"Bado tunaihangaikia."

"Haiponi. Chumvi haina msamaha."

"Wewe ulimwona Walidi mwisho," alisema Bakri. "Hebu nikumbushe. Boti lako lilikuwa umbali gani?"

"Mbali. Maili mbili, hata zaidi. Niliwaona kama vivuli viwili tu, wananyoosheana mikono."

"Hukuwasogelea?"

"Ningewasogelea kwa nini? Nilikuwa narudi zangu Ras Kamboni. Nimeshaandikisha hayo, nikaapa. Unataka niape tena?"

"Hapana. Kiapo kimoja kinatosha."

* * *

Saa nane ilipita. Saa tisa ilikaribia. Kulthumu hakuonekana; askari alirudi na habari kwamba njia ya Majengo imefungwa kwa msafara, magari yote yamesimama. Aliyekuja ni Meja Abdirahman, mkuu wa kituo. Alikuwa Msomali wa bara, naye amepitia kambi za Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, cha foleni ya maji. Macho yake yalikuwa na weusi chini. Alikuwa na mafaili arobaini na gari moja zima.

"Walaal, ndugu yangu, imefunguka?"

"Imefunguka, afande."

"Basi tuisikilize. Nina ripoti ya kupeleka saa kumi. Wasipoipata, kesho yule mtu anapanda ndege, na mimi sitaki kesi ya kurudisha mtu."

"Mjane hajafika. Nilimwahidi asikilize yeye kwanza, pamoja na Twahira."

Meja alimtazama kama aliyesikia lugha nyingine. "Ulimwahidi. Kwa idhini ya nani?"

"Yangu, afande."

"Hiki ni kielelezo cha polisi. Kina ulinzi wa polisi, si wa mjane. Na huyo ni dada wa mshtakiwa! Akifuta?"

"Hawezi. Nakala ninayo, na alama yake iko kitabuni. Hata akiivunja simu kwa nyundo, sauti zipo."

"Bakri." Meja alikaa juu ya kreti. "Orodha ya mafunzo ya Nairobi ninayo mfukoni. Jina lako la kwanza. Miezi sita, mitambo mizima, umeme usiokatika. Umeingoja miaka miwili. Usinipe sababu."

Bakri aliitazama ile nakala, na kiti kitupu, na mlango ulio wazi kwa jua kali. Kulikuwa na jambo baya zaidi ya orodha: kama Kulthumu hatafika kabla ya saa kumi, Mahmudi ataondoka kwa sababu ya ahadi aliyoomba dada yake mwenyewe.

"Nipe mpaka saa tisa na nusu," alisema. "Asipofika, atasikiliza Twahira peke yake. Lakini si mimi, afande, wala si wewe."

Meja aliitazama saa. Alitoa tasbihi mfukoni, akaanza kuihesabu.

Saa tisa na dakika ishirini Kulthumu aliingia langoni kwa miguu. Alikuwa ameiacha bajaji nyuma ya msafara, akatembea.

* * *

Twahira alibeba daftari. Kulthumu alikaa mbele ya simu, iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki mwembamba uliotiwa lakiri, ili aweze kubonyeza bila kuigusa. Bakri alimwonyesha kitufe, akatoka, akaufunga mlango wa chuma nyuma yake. Kisha akaona haitoshi. Alikwenda kusimama kando ya jenereta, ndani ya moshi wake, ambako mtu asingesikia hata akiitwa.

Meja alimfuata kwa macho, akatikisa kichwa.

Dakika zikapita. Bakri aliwaza kwamba ndani mle huenda sauti inasema jina la Mahmudi kwa hofu. Huenda dada anasikia sasa hivi ndugu yake akiua, na atatoka akisema hakuna kitu. Je, atalijua hilo usoni mwake, mwanamke mwenye nikabu? Kazi ilimfundisha kutoamini watu, kuamini alama za nakala tu. Leo alikuwa amefanya kinyume.

Mlango ulifunguka. Twahira alitoka kwanza, na Twahira, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia, alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya mtandio bila kujificha.

Kulthumu alisimama kizingitini.

"Ya kumi na moja. Hiyo isikizeni nyote. Anzeni dakika ya pili."

Waliingia wanaume wawili, mlango ukafungwa. Twahira alibonyeza pale alipokuwa ameandika.

Sauti ya Walidi ilikuwa na kicheko ndani yake. "...nimemwacha dago, tumbo linamsokota. Nilimwambia pweza yule ana siku mbili, akasema mimi muoga. Basi leo mimi na bahari, sisi wawili tu. Ngoja... hili si boti la Husein? Mbona anakuja mbio hivi." Nyuma, mvumo wa mashine, kwanza kama nyuki. "Husein! Habari za tangu asubuhi?"

Sauti ya pili, ya mbali: "Nilishawakataza mwamba huu! Yuko wapi mzamiaji wako?"

"Mgonjwa, yuko dago! Niko peke yangu. Mwamba wa Mungu huu, Husein, tulia!" Mvumo ulipanda. "Punguza! We, punguza, utaniparamia! Hus—"

Kishindo. Kisha hakuna.

Meja alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. "Mbona imekatika?"

"Ujumbe kama huu hurekodiwa kidole kikiwa kimebana kitufe," alisema Bakri. Alijisikia anaongea kwa mbali. "Kidole kikiachia, ujumbe hujifunga wenyewe na kuingia foleni. Pale ndipo kidole kilipoachia. Saa kumi na dakika hamsini na mbili."

"Saa ya simu tunaiaminije?"

"Ilirekebishwa na mtandao siku aliyopita Ras Kamboni kwenda dago. Kwa siku kumi na moja itakosea sekunde chache, si zaidi. Husein aliapa kwamba saa kumi na moja aliwaona watu wawili, naye yuko maili mbili. Saa kumi na moja Walidi alikuwa ameshapigwa. Wa pili hakuwepo, na Husein alijua hayupo, maana aliuliza na akajibiwa. Tena mchana huu baada ya sala amenirudia yaleyale."

"Huenda hakukusudia kuua," alisema Meja polepole. "Alitaka kumtisha."

"Huenda. Lakini alimwacha majini, akaja kumtaja mwingine."

Meja aliinuka. Akiwa mlangoni alipiga kelele kwa Kisomali: boti la Husein lizuiwe bandarini, lisiguswe, litafutwe rangi ya chombo cha Walidi ubavuni, Husein aletwe, na jina la Mahmudi litolewe kwenye ndege ya kesho. Askari walianza kukimbia. Kulthumu, aliyekuwa amekaa juu ya kreti nje, alisikia jina la kaka yake, akainamisha kichwa mpaka magotini, akabaki hivyo.

* * *

Meja alirudi baada ya robo saa. Alikaa, akavuta kitabu cha vielelezo.

"Umefanya kazi nzuri. Sasa zile kumi. Ziandikwe neno kwa neno, ziingie failini."

"Haziingii, afande."

"Bakri, nimechoka. Usinichoshe zaidi."

"Zimesikilizwa na afisa aliyekula kiapo. Twahira, zina lolote juu ya Husein, au Mahmudi, au ugomvi wowote?"

"Hazina," alisema Twahira. "Ni za mume na mke. Naweka mkono wangu."

"Hakimu akizitaka, nakala ipo, itafunguliwa kwa amri yake," alisema Bakri. "Lakini kuziandika ili zizunguke mezani kwa makarani, kila mmoja azichekee kwa zamu yake, hapana. Nilimwahidi."

"Wakubwa wataniuliza kwa nini faili lina matundu. Nitawaambia sajini wangu aliona haya?"

"Waambie nimekataa. Nitaandika sababu, na jina langu chini."

Meja alikifunga kitabu cha vielelezo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa. Mwishowe akatoa karatasi ya mafunzo kutoka mfuko wa shati, akaikunjua, akafuta mstari wa kwanza kwa kalamu ya Bakri mwenyewe.

"Mtu asiyefuata amri siwezi kumdhamini ugenini," alisema. "Na kuanzia Jumapili utashika lindo la usiku, mpaka nitakaposahau. Andika hiyo sababu yako. Iandike vizuri."

Alitoka. Twahira alikusanya daftari lake. Akamgusa Bakri bega, naye akaenda zake kumsindikiza Kulthumu mpaka kwenye bajaji, maana jua lilikuwa limeanza kushuka.

Kulthumu hakuipanda bajaji mara moja. Alirudi hatua chache, akasimama mbali kidogo na mlango wa kontena.

"Kaka Bakri. Zile nyingine?"

"Sijazisikiliza."

"Hakuna aliyesikiza?"

"Hakuna mwanamume aliyesikiliza, dada."

"Mwenyezi Mungu akusitiri kama ulivyonisitiri," alisema. Akaenda, na bajaji ikaondoka kwa mbio za kuliwahi jua.

Bakri alibaki peke yake. Diski ilikuwa mezani, na hedifoni kando yake, na mlango umefungwa; hakuna ambaye angejua. Hakujidai kwamba hakutamani kusikia jinsi mtu anavyompenda mkewe kwa siku kumi mfululizo. Aliitia diski bahashani, akailamba gundi, akabandika lakiri. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa: SAUTI KUMI ZA KWANZA ZIMESIKILIZWA NA MKE MBELE YA KARANI. HAZIHUSIANI NA SHAURI. ZISIFUNGULIWE ILA KWA AMRI YA HAKIMU. Chini yake akaandika jina lake kamili na namba yake ya kazi, ili atakayekuja kuuliza ajue wa kumuuliza. Kisha akaifungia sandukuni, akaufungua mfuko wa simu ya Walidi, akaandika saa, akaanza kuirudishia simu yake mwenyewe kioo.